Mwangwi Kutoka Sakafu ya Bahari: Jinsi Manowari Sydney Ilivyopatikana

Tangu zamani mabaharia wa mwambao wa Afrika Mashariki wamepima kina cha maji kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Baharia huitupa bildi, huihisi ikigusa chini, huhesabu pima za kamba zilizozama, kisha humweleza nahodha kama chombo kina nafasi ya kupita au kimekaribia mwamba. Karibu na pwani njia hiyo inafaa sana. Lakini mahali penye kina cha meta 2,500 kila kipimo kingechukua muda mrefu, na hata kingekamilika kingetoa habari za nukta moja tu ya sakafu ya bahari. Mtu anayetafuta kwa bildi meli iliyozama katika eneo la maelfu ya kilometa za mraba hana tofauti na mtu aliyeangusha sindano uwanjani usiku, akawa anaitafuta kwa kuchoma ardhi kwa kijiti.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa sauti. Chombo kiitwacho sonari hutuma sauti majini, hupokea mwangwi wake, na kutokana na mwangwi huo huchora sura ya sakafu ya bahari. Kwa njia hiyo zimepatikana meli nyingi zilizozamishwa katika vita. Hata hivyo sonari peke yake haijui pa kutafuta. Kisa cha manowari ya Australia iliyoitwa Sydney kinaonyesha vizuri jinsi chombo cha kisayansi na maneno ya mashahidi vinavyohitajiana, na jinsi kimoja kinavyoweza kuwa mizani ya kingine.

MANOWARI ILIYOTOWEKA

Jioni ya tarehe 19 Novemba, 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Sydney ilikutana na meli ya mizigo katika Bahari ya Hindi, magharibi ya Australia. Meli hiyo ilijitambulisha kuwa ni ya Kiholanzi na kwamba jina lake ni Straat Malakka. Kwa kweli ilikuwa Kormoran, meli ya kivita ya Kijerumani iliyojibadili sura, ambayo ilikuwa imeficha mizinga na topedo. Nahodha wa Sydney, Joseph Burnett, aliisogelea na kuitaka itoe alama yake ya siri. Nahodha wa Kormoran, Theodor Detmers, alipoona kuwa hawezi kujibu, aliteremsha bendera ya Kiholanzi, akapandisha ya Kijerumani na kuanza kupiga. Vyombo hivyo viwili vilikuwa vimekaribiana mno, umbali uliozidi kilometa moja kwa kiasi kidogo tu.

Mapigano makali yalichukua kama nusu saa. Sydney, ikiwa imepigwa vibaya na kuwaka moto, ilijikokota polepole kuelekea kusini ikiegemea mashariki, hadi mng'ao wa moto wake ulipopotea gizani. Kormoran nayo iliungua chumba cha mitambo ikashindwa kwenda. Mabaharia wake waliiacha, na karibu na usiku wa manane wakailipua wenyewe. Wajerumani zaidi ya 300 waliokolewa, wengine wakiwa baharini na wengine baada ya kufika pwani kwa mashua. Katika mabaharia 645 wa Sydney hakurudi hata mmoja.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo lililodumu miaka 66. Mashahidi wote wa mapigano hayo walikuwa watu wa upande wa adui. Jamaa 645 zilitakiwa kuamini habari za kifo cha waume, wana na ndugu zao kutoka katika vinywa vya wale wale waliowaua. Wengi hawakuweza. Ilionekana ajabu kwamba meli ya mizigo iliyobadilishwa iishinde manowari kamili. Mahali palipotajwa na Detmers, yaani latitudo digrii 26 kusini na longitudo digrii 111 mashariki, palionekana kuwa ni tarakimu kamili mno, kana kwamba pametungwa. Miaka ilivyozidi kupita ndivyo uvumi ulivyozidi kukua. Wengine walidai kwamba nyambizi ya Japani ilishiriki katika shambulio hilo, ingawa Japani ilikuwa bado haijaingia katika vita dhidi ya Australia. Wengine walidai kwamba mabaharia wa Sydney waliokuwa majini walipigwa risasi. Hapakuwa na njia ya kuthibitisha wala kukanusha, kwa kuwa shahidi pekee asiyekuwa na upande, yaani meli yenyewe, alikuwa chini ya bahari.

KWA NINI SAUTI, WALA SI NURU

Katika hewa, nuru husafiri mbali sana kuliko sauti. Majini mambo hugeuka. Maji humeza nuru haraka: chini ya meta 200 mwanga wa jua huwa hafifu mno, na chini ya meta 1,000 ni giza tupu. Mawimbi ya redio nayo humezwa upesi na maji ya chumvi. Sauti, kinyume chake, hupita majini kwa wepesi. Katika hewa huenda kama meta 340 kwa sekunde, bali katika maji ya bahari huenda kama meta 1,500 kwa sekunde, na kasi hiyo hubadilika kidogo kufuatana na joto, chumvi na mkandamizo wa maji.

Popo hutumia mwangwi kuwinda wadudu gizani, na pomboo hufanya vivyo hivyo majini. Binadamu alianza kuiga maarifa hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1914, miaka miwili baada ya meli Titanic kuzama, mhandisi Reginald Fessenden alifaulu kupata mwangwi kutoka kwenye mlima wa barafu uliokuwa ukielea baharini. Katika Vita Kuu ya Kwanza mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alitumia vipande vya jiwe la kwatzi kutoa na kupokea mitetemo ya sauti ili kugundua nyambizi. Jiwe hilo likipitishiwa umeme hutetemeka, na likitetemeshwa hutoa umeme. Kwa hiyo laweza kuwa kinywa na sikio kwa wakati mmoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Umbali wa kitu ni kasi ya sauti ikizidishwa kwa muda wa kwenda na kurudi, kisha ikagawanywa kwa mbili. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde moja, sauti imesafiri meta 1,500 kwa jumla, na kitu kilichoirudisha kiko meta 750 kutoka kwenye chombo.

SAMAKI WA CHUMA NA VIVULI VYAKE

Sonari ya kawaida ya meli hutazama chini moja kwa moja. Kwa kutafuta mabaki ya meli hutumiwa aina nyingine, ambayo hutazama kando. Mitambo yake huwekwa ndani ya chombo chembamba ambacho wataalamu hukiita samaki, nacho huvutwa na meli kwa waya wa maelfu ya meta mpaka kielee mamia machache ya meta au chini ya hapo kutoka kwenye sakafu. Samaki huyo hutoa sauti kulia na kushoto kwa pamoja. Mwale wa sauti ni mwembamba sana kwa upande wa mbele na nyuma, lakini ni mpana kutoka juu kwenda chini, hivyo kila mlio mmoja humulika ukanda mwembamba wa sakafu, kama mstari mmoja wa maandishi. Meli ikisogea, mlio unaofuata humulika ukanda wa pili. Mistari hiyo ikipangwa mmoja baada ya mwingine hufanya picha.

Picha hiyo husomwa kwa mambo mawili. La kwanza ni nguvu ya mwangwi. Tope laini humeza sehemu kubwa ya sauti na kurudisha kidogo; mwamba na chuma hurudisha kwa nguvu. La pili ni kivuli. Kitu kilichosimama juu ya sakafu huzuia sauti isifike nyuma yake, na sehemu hiyo hubaki bila mwangwi wowote. Mara nyingi kivuli humfundisha mtazamaji mengi zaidi kuliko kitu chenyewe.

Mwanafunzi anayejua pembetatu zinazofanana anaweza kukokotoa kimo cha kitu kutokana na kivuli chake. Ikiwa samaki yuko meta 100 juu ya sakafu iliyo tambarare, na mwisho wa kivuli uko meta 500 kutoka mahali palipo chini yake, na kivuli chenyewe kina urefu wa meta 75, basi kimo cha kitu ni 75 mara 100, gawanya kwa 500, yaani meta 15. Kimo cha namna hiyo, kikiungana na urefu wa meta mia na zaidi, ni jambo la kumfanya mtafutaji aitazame picha mara ya pili.

Kuna jambo la tatu ambalo mtafutaji hawezi kulikwepa. Sauti yenye mitetemo 30,000 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa sentimeta 5 majini. Mitetemo ikiongezwa mara kumi, wimbi huwa nusu sentimeta, na picha huonyesha mambo madogo zaidi. Lakini sauti ya namna hiyo humezwa upesi na maji, kwa hiyo haifiki mbali. Anayetaka kuona eneo kubwa hana budi kukubali picha yenye ukungu. Anayetaka picha safi hana budi kukubali eneo dogo. Ndiyo maana kazi hufanywa kwa hatua: kwanza eneo lote hupitiwa kwa picha ya jumla, kisha kila kinachotiliwa shaka hupitiwa tena kwa karibu.

PA KUTAFUTA

Meli inayovuta samaki wa namna hiyo huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kugeuza waya wa kilometa kadhaa mwishoni mwa kila mstari huchukua saa nyingi. Kwa hiyo swali la kwanza si jinsi ya kutafuta, bali ni wapi pa kutafuta, na jibu la swali hilo hutoka makavazini wala si baharini.

Kazi hiyo iliongozwa na David Mearns, mtaalamu ambaye mwaka 2001 alikwisha kupata mabaki ya manowari ya Kiingereza iitwayo Hood, akishirikiana na shirika la Kiaustralia liitwalo Finding Sydney Foundation. Walikusanya taarifa za mahojiano ya mateka wa Kijerumani. Ushahidi wa thamani kubwa ulikuwa kamusi. Detmers, alipokuwa mateka huko Australia, alitia nukta ndogo chini ya herufi katika kamusi ya Kijerumani na Kiingereza. Herufi hizo, zikisomwa kwa mfuatano, zilikuwa taarifa ya mapigano. Uzito wa taarifa hiyo ni kwamba haikuandikwa ili isomwe na waliomteka. Mtu anaweza kumdanganya adui, lakini hana sababu ya kujidanganya kwa siri. Nayo ilikubaliana na yale aliyoyasema waziwazi.

Tarakimu kamili za Detmers nazo zilipimwa upya. Digrii moja ya latitudo ni maili za baharini 60, yaani kama kilometa 111. Nahodha anayetaja digrii bila dakika huenda hasemi uongo. Huenda anakadiria tu. Makadirio ya namna hiyo yaweza kukosea kwa kilometa 50 na zaidi upande wowote. Wanasaikolojia wawili wa Australia, Kim Kirsner na John Dunn, waliyashughulikia maelezo ya Wajerumani kwa njia nyingine. Maelezo hayo yalihitilafiana, na wengi waliona hitilafu hizo kuwa dalili ya uongo. Wao waliyachukulia kama mwanafizikia anavyochukulia vipimo vingi vya kitu kimoja: kila kimoja kina kosa lake, lakini vyote vikipimwa pamoja vinaweza kuelekeza karibu na ukweli. Ushahidi uliotungwa kwa pamoja ungefanana kuliko ule. Ushahidi wa kweli uliopita katika kumbukumbu za watu wengi hutawanyika kama ulivyotawanyika.

Iliamuliwa itafutwe Kormoran kwanza. Mashahidi walikuwa ndani yake hadi karibu na mwisho, kwa hiyo walijua vizuri zaidi ilipozama. Kisha, kutoka hapo, ungefuatwa uelekeo ambao mng'ao wa Sydney ulionekana mara ya mwisho.

MACHI 2008

Mapema mwezi Machi 2008 meli iitwayo Geosounder ilianza kupita mistari yake magharibi ya Australia. Tarehe 12 Machi picha ya sonari ilionyesha vitu vikubwa viwili vyenye mwangwi mkali, na kati yake uwanda wa vipande vidogo vilivyotawanyika. Ilikuwa Kormoran, katika kina cha meta 2,560. Vipande vyake vikubwa viwili vimeachana kwa kilometa moja na zaidi, kama inavyotazamiwa kwa meli iliyolipuka ikiwa na shehena ya mabomu ya kutega baharini. Mahali hapo ni chini ya kilometa 15 kutoka kwenye nukta aliyoitaja Detmers mwaka 1941.

Kabla ya wiki moja kupita, uelekeo ule ulipofuatwa, sonari ilionyesha kitu cha pili, kama kilometa 21 kusini-mashariki ya Kormoran. Kilikuwa kizima, kirefu na chenye kivuli cha wazi. Sydney ilikuwa imepatikana, katika kina cha meta 2,468, kilometa 200 na zaidi kutoka pwani.

Picha ya sonari husema kwamba kitu kipo na kina umbo fulani. Haisemi jina lake. Kwa hiyo kiliteremshwa chombo kisicho na mtu, chenye taa na kamera, kinachoongozwa kwa waya kutoka melini. Mkandamizo wa maji katika kina hicho ni karibu mara 250 ya ule wa hewa juu ya bahari. Kamera ilionyesha manowari imekaa wima juu ya mkuku wake, omo yake ikiwa imekatika. Omo hiyo imelala kando, umbali usiofika nusu kilometa. Baadhi ya mashua zake zilionekana sakafuni pamoja na viatu na vitu vingine vya mabaharia.

YALIYOSEMWA NA CHUMA

Mabaki yalipopatikana, maneno yaliyobishaniwa kwa miaka 66 yaliweza kupimwa moja baada ya jingine. Wajerumani walisema topedo iliipiga Sydney upande wa mbele. Omo ndiyo iliyokatika. Walisema mzinga wa pili kutoka mbele ulirushwa paa lake, paa halipo. Walisema waliipiga mfululizo kutoka karibu. Wataalamu waliozichunguza picha walitambua alama za makombora 87 ya sentimeta 15, ambayo ni ukubwa wa mizinga ya Kormoran. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Terence Cole, aliyepata kuwa jaji, ilitoa taarifa yake mwezi Agosti 2009. Ilikubali kwamba Sydney ilizamishwa na Kormoran, na haikuona ushahidi wowote wa kushiriki kwa Japani.

Kwa jamaa za waliokufa, matokeo hayo yalikuwa na ladha mbili. Adui alikuwa amesema kweli, na ukweli huo ulikuwa mzito. Lakini sasa walikuwa na mahali pa kutaja, na sherehe za kumbukumbu zilifanywa baharini juu ya mahali hapo. Serikali ya Australia iliyatangaza mabaki ya meli zote mbili kuwa mahali pa hifadhi pasipoguswa, kwa kuwa ni makaburi. Baharia mmoja tu wa Sydney ndiye aliyepata kaburi la nchi kavu. Mwili wake uliletwa na maji hadi Kisiwa cha Christmas mwezi Februari 1942, na alitambuliwa mwaka 2021 kwa uchunguzi wa vinasaba. Jina lake ni Thomas Welsby Clark.

BAHARI ILE ILE

Bahari ya Hindi inayowafunika mabaharia wa Sydney inawafunika pia askari wa Afrika Mashariki. Mapema mwezi Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, ikiwa katika msafara wa kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na kati yao 996 walikuwa askari na maofisa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wanawake zaidi ya 50. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topedo, nayo ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297; waliookoka ni 214. Nyambizi yenyewe ilizamishwa siku ile ile na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiulinda msafara.

Msiba huo ni miongoni mwa misiba mikubwa ya baharini ya vita ile, lakini watoto wengi wa shule katika nchi walikotoka askari hao hawajapata kuusikia. Kisa cha Sydney kina fundisho kwa watu wa nchi hizo pia. Vyombo vya kutafutia sakafuni vinazidi kuwa vyema mwaka hata mwaka, lakini kila kimoja huanza kazi pale maandishi na kumbukumbu zinapomwelekeza mtafutaji. Barua iliyobaki sandukuni, nishani yenye namba ya askari, jina la kikosi ambalo babu alilitaja, tarehe ambayo bibi aliacha kupokea habari: hivyo navyo ni vipimo, kila kimoja na kosa lake, na vikikusanywa vinaweza kuelekeza karibu na ukweli. Mwalimu wa historia na mwalimu wa fizikia wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa pamoja darasani, mmoja akifundisha jinsi ya kuyapima maneno ya mashahidi, na mwenzake jinsi ya kuupima mwangwi.